Kutangulia si Kufika: Taarikhi ya Tambo za Mwanzo wa Msimu

Neno msimu, ambalo hivi leo kila kijana wa mjini hulitamka akikusudia miezi ya ligi ya kandanda, lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la washabiki. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilisimama kwa majira ya pepo, yaani kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarejesha kwao. Nahodha aliyeng'oa nanga mapema, tanga limetuna na bahari imelala, alikuwa na haki ya kufurahi, lakini hakuwa na haki ya kusema kwamba amefika. Lugha yetu, iliyolelewa na bahari hiyo, imetuachia juu ya jambo hili methali mbili zisizopatana: moja yasema nyota njema huonekana asubuhi, na ya pili yasema kutangulia si kufika. Baina ya methali hizi mbili ndipo anapoishi mshabiki wa Simba au wa Yanga, klabu mbili za kandanda za Dar es Salaam, kila mwaka, tangu ligi inapofunguliwa na kusi ingali ikivuma, mpaka mwakani hesabu inapofungwa. Na timu yake ikishinda mechi tatu au nne za mwanzo, huishika ile ya kwanza kwa mikono miwili, na ile ya pili humwachia mtani wake.

Wako wanaodhani kuwa matumaini ya namna hii ni wazimu wa siku hizi, ulioletwa na redio, televisheni na simu za mkononi. Mimi naona kuwa ni ada kongwe kuliko mpira wenyewe. Mpira haukuizaa, uliikuta imekaa barazani.

Miji ya pwani, tangu zamani, ilikuwa na tabia ya kugawanyika pande mbili na kushindana yenyewe kwa yenyewe. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, pande zilizoshindana kwa ngoma na kwa mashairi, ilhali watu wake walifuata dini moja na kununua samaki soko moja. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji hiyo ya kaskazini mwishoni mwa karne ya 19, ikiigiza bendi za askari kwa tarumbeta, gwaride na vyeo vya kujipachika, ilishuka hadi Dar es Salaam, nako ikapata mahasimu wawili, Marini na Arinoti, ambao walishindana kwa sare za nguo, kwa karamu na kwa nyimbo za kejeli, hata mtu akatumia akiba yake ya miezi kadhaa ili upande wake usitiwe aibu siku ya maandamano. Huko ndiko watu walikozoea kutamba. Na kutamba, kwa maana yake ya asili, si kusema uongo, wala si kutabiri. Ni kutoa neno mbele ya hasimu, kwa sauti inayosikika, kisha kulibeba neno hilo mpaka siku litakapokupa fahari au litakapokufedhehesha.

Ada hiyo ilikutana na nyingine, ya utani, ambayo kwayo kabila moja lina ruhusa ya kulitania kabila jingine bila ya kushtakiwa, hata msibani, ambapo mtani humcheka mfiwa mbele ya jeneza na mfiwa hana budi kumezea. Kwa hiyo, hapo wapenzi wa kandanda wa Dar es Salaam walipoanza kuitana watani wa jadi, hawakuazima neno kwa mapambo. Walikuwa wakieleza mkataba: wewe una haki ya kutamba leo, na mimi nina haki ya kukucheka kesho.

Mpira wa miguu ulifika Unguja katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ukiletwa na Waingereza, nao ni walimu wa misheni waliowafundisha vijana wa chuo cha Kiungani, na watumishi wa kampuni ya simu iliyolaza waya wake chini ya bahari. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na wenye kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Lakini chimbuko la tambo ninazozisimulia haliko katika vikombe hivyo vya serikali na serikali. Liko Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambao jina lake ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mnamo Februari 1935 iliasisiwa Young Africans, ambayo ulimi wa mjini uliifupisha ikawa Yanga; mwaka uliofuata baadhi ya wenzao wakajitenga wakaunda timu yao, ikaitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipoyavua majina ya kigeni na kuitwa Simba. Nyumba ya Yanga iko Jangwani, ya Simba iko mtaa wa Msimbazi, na mwendo baina yao ni wa miguu tu. Walikuwa ndugu kabla ya kuwa mahasimu, na hiyo ndiyo sababu maneno yao yakawa makali: hasimu atokaye mbali hukupiga popote, bali aliyetoka nyumba moja nawe anajua kidonda kilipo.

Katika miaka ile ya mwanzo, matumaini ya mshabiki yalikuwa na umri mfupi. Ligi za mji zilikuwapo, na vikombe vilikuwapo, lakini mambo makubwa aghalabu yaliamuliwa kwa pambano moja la alasiri, nayo magharibi ikiadhiniwa, mwenye kutamba ametamba na mwenye kulia amelia. Kilichorefusha umri wa matumaini ni ligi ya taifa, iliyoanza mwaka 1965 na ambayo Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wake wa kwanza. Ligi ilileta kitu ambacho ngoma ya beni haikuwa nacho, nacho ni msimamo: ile orodha ya majina na tarakimu inayoonyesha nani yuko juu na nani yuko chini kabla jambo halijaisha. Tangu hapo iliwezekana kutamba kwa ushahidi wa maandishi, na iliwezekana kuwa mfalme wa Septemba bila ya kujua kama utakuwa mfalme wa Mei. Sunderland ilirudia ubingwa mwaka 1966, Cosmopolitan ikautwaa mwaka 1967, kisha Yanga ikaushika miaka mitano mfululizo, 1968 mpaka 1972. Na katika miaka hiyo yote mtu wa Msimbazi aliingia kila msimu akiwa na yakini kwamba mwaka huu ndio.

Nawakumbuka wazee wawili niliokuwa nikiwakuta katika baraza moja ya kahawa huko Kariakoo, ambao mmoja alikuwa wa kijani na njano ya Yanga na mwingine wa nyekundu na nyeupe ya Simba. Muuza kahawa alikuwa akifika baada ya alasiri, birika lake la shaba limekaa juu ya jiko la makaa, vikombe vyake vikilia mkononi mwake kabla hajaonekana, na kashata amezifunika kwa karatasi. Siku moja timu ya kijana mmoja pale ilikuwa imeshinda mechi nne za kwanza bila ya kufungwa hata bao moja. Aliufungua ukurasa wa michezo wa gazeti, akauweka juu ya benchi, akapitisha kidole kwenye msimamo mstari kwa mstari, akazitoa hata mechi za viporo za wapinzani kana kwamba wamekwisha kuzipoteza, akasema: "Mzee wangu, pointi kumi na mbili, na wavu wetu haujatikisika. Mnangoja nini kutukabidhi kombe?" Mzee wa upande wa pili hakumjibu upesi. Alimaliza kikombe chake, akakigeuza, akasema: "Kijana wangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Kisha akaomba kalamu, akaandika maneno ya kijana pembezoni mwa gazeti lile lile pamoja na tarehe, akaichana ile pembe, akaikunja, na kumpa muuza kahawa aiweke amana. Muuza kahawa akaitia katika mfuko wa kanzu yake kama mtu aliyepokea fedha za watu. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mtu pale alifahamu kwamba deni limeandikwa.

Taarikhi, ukiiuliza ni nani aliyekuwa na haki kati ya kijana yule na mzee yule, itakujibu kwa kigeugeu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya Rungwe iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa nchi katika msimu wake wa kwanza. Na yeyote aliyewasikia watu wa Tukuyu wakitamba mwanzoni mwa mwaka ule na kuwacheka, aliona haya baadaye. Hapo nyota njema ilionekana asubuhi kweli. Lakini katika msimu wa 2016/17 Simba ilikwenda mpaka Novemba bila ya kufungwa, mashabiki wake wakiwa na njaa ya miaka kadhaa ya kukosa ubingwa, na wengi wao wakiwa wamekwisha kulipamba kombe kwa maneno. African Lyon ikawa ya kwanza kuwafunga, na mwisho wa ligi Simba na Yanga zikalingana kwa pointi 68 kila moja, ubingwa ukaenda Jangwani kwa tofauti ya mabao. Mtu wa Msimbazi alihesabu pointi mwaka mzima, akasahau kuhesabu mabao. Hapo kutangulia hakukuwa kufika.

Upo na mfano wa tatu, ambao unazikatalia methali zote mbili. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza kwa kushinda mechi nane za ligi bila ya wavu wake kuguswa, na tambo za mashabiki wake zikajaa daladala na masoko. Ikaja Novemba, na katika muda usiotimia wiki moja Azam ikawafunga bao 1 kwa 0 na Tabora United ikawafunga mabao 3 kwa 1, mwalimu wa timu akaondoshwa, na watani wakazitoa zile karatasi zao za kukunja. Lakini msimu ulipofungwa, bingwa alikuwa Yanga. Aliyetamba Septemba alikuwa na haki, aliyecheka Novemba alikuwa na haki, na aliyetamba Septemba akawa na haki tena.

Na wala mwanzo mbaya si hukumu. Mwaka 1979, katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, Simba ilifungwa hapa nyumbani mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, kipigo ambacho mtu mwenye akili timamu angekikubali akaenda kulala; timu ikasafiri mpaka Lusaka, ikashinda mabao 5 kwa 0, ikasonga mbele. Kadhalika tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumzikoni ikiwa mbele ya Simba kwa mabao 3 kwa 0, na pambano likaisha kwa sare ya 3 kwa 3. Mshabiki aliyeshuhudia mambo kama hayo hawezi tena kukata tamaa kwa mantiki, na ndiyo sababu hawezi pia kutumaini kwa kiasi.

Ada hii imepata sikukuu zake. Simba Day, iliyoasisiwa mwaka 2009, kwa kawaida huangukia siku za mwanzo wa Agosti, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga ikafuata mwaka 2019. Wachezaji wapya huitwa mmoja mmoja mbele ya maelfu, jezi mpya huvaliwa, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hujaa watu wanaosherehekea ushindi ambao haujapatikana. Mgeni angeshangaa. Lakini mwenyeji anaona pale maandamano ya beni yaliyobadili mavazi: karamu ni ile ile, vyeo vya kujipachika ni vile vile, na upande wa pili, ambao haukualikwa, ndio unaotazamwa zaidi kuliko wote.

Hukumu yangu ni kwamba wanaomlaumu mshabiki wa Septemba kwa kukosa hekima wanakipima kisichopimwa kwa mizani hiyo. Yeye hakudai kuijua ghaibu. Amechukua ushindi wa mechi nne, ambao ni mali ndogo, akaufanyia karamu kubwa mbele ya mtani wake, akijua fika kwamba gharama yake italipwa kwa ulimi wa mtani huyo ikiwa mambo yatageuka. Asiyetamba hafedheheki, ni kweli. Lakini hata siku ya ubingwa furaha yake huwa pungufu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimdai. Watu wa Jangwani wangali wakikumbusha mabao 5 kwa 0 ya tarehe 1 Juni 1968, na watu wa Msimbazi wangali wakikumbusha mabao 6 kwa 0 ya tarehe 19 Julai 1977, na wengi wa wanaokumbushana hawakuwa wamezaliwa. Deni la namna hii hurithiwa.

Basi, msomaji, mwaka huu ukimkuta ndugu yako amelishika gazeti, anazijumlisha pointi za mechi ambazo hazijachezwa na kuwagawia wachezaji medali ambazo hazijatengenezwa, usimwambie asubiri. Mwache atambe mpaka atosheke. Wewe tafuta kalamu, uandike maneno yake na tarehe, na karatasi ile umpe muuza kahawa.