Risasi ya Mfalme, Gobori la Raia

Mwulize mwindaji wa Marekani ni risasi ya kipenyo gani inayofaa kumwangusha paa wa kwao, yule mwenye pembe za matawi, halafu uvute kiti. Mmoja atakutajia inchi 0.270, mwingine 0.308, na kila mmoja ana marehemu babu wa kumtolea ushahidi. Paa wa jamii hiyo hayupo Karagwe wala Kyerwa. Huku kuna pongo, swalapala, nyamera, na katika mafunjo ya majini, nzohe. Lakini suala la ukubwa wa risasi lina historia ndefu huku, na ni historia ya nani aliyeruhusiwa kuchagua.

Mwishoni mwa Novemba 1861, John Hanning Speke na James Grant walipokelewa na Rumanyika, Mukama wa Karagwe. Leo nzohe anajulikana katika sayansi kama Tragelaphus spekii, kwa heshima ya mgeni huyo, ingawa Speke mwenyewe aliandika jina la mnyama kama alivyolisikia kwa wenyeji. Mwezi uliofuata aliua vifaru na kumpelekea Mukama vichwa vyao. Kwa maelezo ya Speke, Rumanyika alistaajabu, akasema kazi ile lazima imefanywa na kitu chenye nguvu kuliko baruti, maana hata Waarabu waliojisifu kwa shabaha wasingeiweza.

Baruti ilikuwa ileile nyeusi. Bunduki nyingi zilizoletwa na misafara ya biashara zilikuwa na mtutu laini ndani, na risasi yake ya mviringo iliyumba njiani. Bunduki bora za Waingereza zilichongwa mifuo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Na kwa kuwa baruti nyeusi haiisukumi risasi kwa kasi kubwa, aliyetaka kuua mnyama mkubwa aliongeza uzito. Ukubwa wa bunduki ulipimwa kwa idadi ya risasi za mviringo zinazopatikana katika ratili moja ya risasi. Bunduki ya “nne” ilirusha donge la robo ratili, yaani gramu 113 hivi.

Mwaka 1886 Ufaransa iliingiza jeshini bunduki inayotumia baruti isiyo na moshi. Hesabu yote ikabadilika. Kasi ikachukua nafasi ya uzito, na risasi nyembamba ikapenya kuliko donge. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua mamia ya tembo kwa risasi ya milimita 7 yenye uzito wa gramu 11 tu. Alijua ubongo na moyo wa tembo viko wapi, akasubiri pembe nzuri ya kupiga.

Subira hiyo ilihitaji bunduki ya kuaminika, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kupinga biashara ya utumwa yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza bunduki za mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoweza kuendelea kuuzwa ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Msafiri mwenye kibali cha serikali yake aliweza kupita na silaha bora. Mwaka huohuo Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na Karagwe ikaingia chini ya utawala wao.

Sababu iliyotolewa ilikuwa njema, kwani bunduki zilikuwa zikilisha biashara ya watumwa. Lakini watawala wapya walijua pia kwamba raia mwenye gobori hawezi kushindana na jeshi lenye bunduki za kisasa. Hata askari Waafrika wa Wajerumani, vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao bado walikuwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake uliwaonyesha walipojificha.

Kwa mwindaji wa Kinyambo, maana yake ilikuwa hii: risasi moja, kisha kushindilia upya baruti na risasi huku mnyama akikimbia. Ilimlazimu kumkaribia mno, na akikosea, mnyama alikwenda kufia porini na jeraha. Anayesema leo kwamba gobori ni silaha ya ukatili anasema kweli. Ila akumbuke kwamba haikuchaguliwa na aliyeibeba.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika-Orugundu yalipandishwa hadhi, yakawa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, wa mgeni mwenye leseni wala wa jirani mwenye mkuki. Mimi naona ni uamuzi wa haki kwa nzohe. Jina la Mukama limebaki kwenye kibao cha hifadhi. Wajukuu wa raia wake wametoka kwenye mkuki hadi gobori, na kutoka gobori hadi katazo, na katika hatua mbili hizo uamuzi ulifanyika mbali nao. Hatua inayofuata, ya nani anufaike na mnyama aliye hai, bado inaweza kujadiliwa nao wakiwepo.