Zabibu za Magharibi, Mkate wa Mashariki

Kifurushi chochote kilichotoka Ujerumani Magharibi kwenda Ujerumani Mashariki kilipaswa kuandikwa kwa nje kwamba ni zawadi, si bidhaa ya biashara. Ndani iwekwe orodha ya kila kilichomo. Makopo yaliyozibwa yalikatazwa, magazeti yalikatazwa, na nguo zilizokwisha kuvaliwa zilitakiwa kuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba zimefukizwa dawa ya kuua vijidudu. Kanuni za mwaka 1954 zilipima hata kahawa: gramu 250 kwa kifurushi, basi. Kilichozidi kingeweza kubaki forodhani.

Masharti hayo hayakumzuia mtu. Katika miaka ya 1980 vifurushi takriban milioni 25 vilivuka mpaka huo kila mwaka kuelekea Mashariki, nchi yenye watu wasiozidi milioni 17. Serikali ya Magharibi iliwahimiza wananchi wake kwa matangazo, ikawapunguzia kodi kwa kila kifurushi walichotuma, na ikachapisha vijikaratasi vya kuwaelekeza nini kifungwe na nini kisifungwe. Msimu wenyewe ulikuwa Krismasi. Waliokulia Mashariki bado husimulia harufu iliyotoka sanduku lilipofunguliwa: kahawa ya kusaga, sabuni ya kuogea na chokoleti, zote zimechanganyika kwa kukaa pamoja njiani siku kadhaa.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa hadi hapo. Ndugu tajiri anatoa, ndugu maskini anapokea na kushukuru. Lakini hiyo ni nusu yake, tena nusu iliyo nyepesi. Kila mwaka, wiki chache kabla ya Krismasi, posta za Dresden, Leipzig na miji midogo ya Saxony, huko Mashariki, zilijaa vifurushi vinavyokwenda upande wa pili. Ndani yake kulikuwa na mkate mmoja mzito, mrefu, uliopakwa siagi na kufunikwa sukari ya unga mpaka ukawa mweupe kama chokaa. Wajerumani huuita Stollen. Na mara nyingi zabibu zilizokuwa ndani ya mkate huo zilikuwa zimetoka Magharibi miezi miwili tu iliyotangulia, katika kifurushi cha shangazi yuleyule ambaye sasa alikuwa anatumiwa mkate.

Mkate huu ni wa kale kuliko Ujerumani zote mbili. Mwaka 1329 askofu wa Naumburg aliwapa waoka mikate wa mji wake haki za chama chao, naye akajiwekea sharti la kuletewa mikate miwili mirefu ya ngano kila Krismasi. Kwa hiyo tangu hati ya kwanza tunayoijua, mkate huu ulikuwa zawadi, ingawa zawadi ya aina ambayo mtoaji hana hiari sana. Huko Dresden unatajwa mwaka 1474 katika karatasi za hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo. Usidhani ulikuwa mtamu. Majilio yalikuwa kipindi cha kufunga, siagi na maziwa ni haramu, kwa hiyo mwokaji alibaki na unga, hamira, maji na mafuta yatokanayo na mbegu. Watawala wa Saxony walilalamika Roma kwamba mafuta ni ghali na hayana ladha. Mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane aliwajibu kwa barua ambayo Wajerumani bado huikumbuka kama barua ya siagi: waokaji waruhusiwe kutumia siagi, mradi walipe. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga kanisa kuu la Freiberg. Baadaye Saxony ikawa kitovu cha uasi wa Martin Luther dhidi ya Papa, na ruhusa ya kulipia siagi ikakosa maana.

Kuanzia mwaka 1560 waokaji wa Dresden walimpelekea mtawala wao mkate mmoja au miwili yenye jumla ya ratili 36 kila Krismasi, ikibebwa na mafundi wakuu wanane na wasaidizi wao wanane kupita mitaani hadi ikulu. Mwaka 1730 mtawala Augusto, aliyeitwa Mwenye Nguvu, aliagiza mmoja wa tani 1.8 kwa ajili ya maonyesho ya kijeshi ya Zeithain, ukakatwa kwa kisu kirefu kama mtu mzima. Mimi mkate huo haunivutii. Chakula cha kujionyesha hakina mpokeaji, kina watazamaji.

Desturi iliyodumu ni ya watu wa kawaida. Huko Saxony mama wa nyumbani hakuoka Stollen kwenye jiko lake, kwa kuwa familia moja ilitaka mikate sita, nane, hata zaidi, na tanuri la jikoni halikutosha. Alipima unga, siagi, zabibu, lozi na maganda ya matunda yaliyokolezwa sukari, akavifunga, akampelekea mwokaji wa mtaa. Mwokaji alikanda na kuoka kwa ujira. Ili mikate ya jirani mmoja isichanganyike na ya mwingine, kila familia ilikuwa na vibati vyake vidogo vyenye jina, vikichomekwa kwenye unga kabla haujaingia tanurini. Kulikuwa na sababu nzuri ya kuogopa mchanganyiko huo. Mwenye kuweka siagi ya kutosha hakutaka kurudi nyumbani na mkate wa aliyebania.

Kazi hiyo ilifanyika Novemba, wakati mwingine mwishoni mwa Oktoba, maana Stollen haulwi siku ya kuokwa. Unapotoka tanurini huogeshwa siagi iliyoyeyushwa, hunyunyiziwa sukari, kisha huwekwa mahali pa baridi wiki tatu au nne. Siagi na sukari huziba nje, unyevu wa zabibu na ramu hubaki ndani, na ladha hukolea. Sifa hiyo ndiyo iliyoufanya ufae kutumwa kwa posta. Keki ya kawaida ingefika imekauka au imeota ukungu. Stollen uliokaa wiki moja kwenye gari la posta ulikuwa unaendelea kuiva.

Sasa tuingie katika nchi iliyozaliwa Oktoba 1949. Unga ulikuwepo Ujerumani Mashariki, sukari ilikuwepo. Tatizo lilikuwa vitu vinavyoota kwenye jua. Zabibu, lozi, machungwa na sitroni, lile tunda la jamii ya limau lenye ganda nene, vyote vilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Vilipofika madukani vilifika vichache, navyo viliuzwa kwa kujuana: muuzaji aliinama chini ya kaunta akamtolea mteja wake. Msomaji aliyepanga foleni ya sukari na sabuni Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa hiyo kukusanya viungo vya Stollen kulianza mapema sana. Pakiti ya zabibu iliyoonekana mwezi wa Machi ilinunuliwa Machi, ikafichwa kabatini, na watoto wakapigwa marufuku kuigusa.

Wataalamu wa vyakula wa serikali walijaribu kuziba pengo. Badala ya ganda la sitroni walitengeneza vipande vya nyanya mbichi za kijani vilivyokolezwa sukari. Badala ya ganda la chungwa, karoti. Lozi ziliachia nafasi kiini cha mbegu ya aprikoti. Vipande vya nyanya na karoti viliuzwa kwa jina la Kandinat, herufi T kwa nyanya na M kwa karoti, na viwanda vya mikate havikuwa na chaguo jingine. Katika mkate, nyanya ya kijani iliyopikwa kwa sukari si mbaya kama unavyodhani. Rangi yake inafaa na meno hayalalamiki. Kinachokosekana ni ule uchungu kidogo wa ganda, ambao ndio unaozuia utamu usichoshe.

Hapo ndipo kifurushi cha Magharibi kilipoingia jikoni. Familia ziliandikiana tangu kiangazi. Barua za namna hiyo zilikuwa na adabu yake: huombi moja kwa moja, unaeleza kwamba mwaka huu unatumaini kuoka kama zamani, ila lozi hazionekani. Shangazi wa Hamburg au Stuttgart alielewa. Alituma zabibu, lozi, maganda ya machungwa na sitroni, kahawa gramu zinazoruhusiwa, pengine na soksi za nailoni. Kifurushi kilipita kwa maofisa wa forodha, na kitengo cha posta cha shirika la ujasusi, Stasi, nacho kilikuwa na uwezo wa kukifungua na kukifunga tena. Mwezi wa Desemba jibu lilirudi Magharibi kwa uzito wa kilo moja na nusu au mbili, limefungwa kwa karatasi ya nta, pengine na kitu cha mbao kilichochongwa katika milima ya Erzgebirge: tao la mishumaa au mwanasesere wa kufukiza ubani.

Watu wa pwani yetu wataitambua adabu hiyo. Sahani ya futari iliyokuja kutoka kwa jirani hairudishwi tupu, na aliyeipokea haulizwi kama ana uwezo. Dada wa Dresden angeweza kukaa na zabibu zote akala na wanawe. Alizirudisha zikiwa ndani ya kitu ambacho shangazi wa Stuttgart, pamoja na duka lake lililojaa kila kitu, hakujua kukipika.

Ukipima zawadi hizi mbili kwa bei ya dukani, ya Magharibi inashinda kwa mbali. Ukipima kwa alichojinyima mtoaji, mambo yanageuka. Mama wa Magharibi alinunua vitu vyake mchana mmoja, akavifunga jioni, na kodi yake ikapungua. Wa Mashariki aliweka akiba ya siagi, alisubiri zamu kwa mwokaji, alilaza mkate wiki nne kwenye chumba cha chini ya ardhi, kisha akaupeleka posta ule ulioumuka vizuri zaidi. Nyumbani uliliwa uliopasuka. Sidhani kama waliopokea walilijua hilo daima. Wengine wa Magharibi walikiri baadaye kwamba Stollen wa ndugu zao uliwachosha, ukakaa mezani hadi Februari. Lakini hata hao hawakuthubutu kuandika kwamba usitumwe.

Serikali ya Mashariki nayo ilikuwa na uhusiano wa ajabu na vifurushi hivi. Hadharani viliiaibisha, kwa kuwa kila sanduku lilikuwa ushahidi wa kile ambacho mipango ya uchumi ilishindwa kukifikisha dukani. Kimyakimya iliviweka kwenye hesabu zake. Mwaka 1956 iliunda kampuni iitwayo Genex, ambayo ilimwezesha Mjerumani wa Magharibi kulipa kwa fedha zake ngumu na ndugu yake wa Mashariki akaletewa zawadi kutoka ghala la ndani, kuanzia vyakula hadi gari.

Kahawa ndiyo iliyofichua utegemezi huo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazili na bei ya dunia ikapaa. Mwaka 1977 wakuu wa Berlin Mashariki waliondoa kahawa ya bei nafuu madukani na kuleta mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51 tu. Iliyobaki ilikuwa vitu kama shayiri, chikori na njegere. Mashine za mikahawa ziliziba, watu waliandika malalamiko kwa maelfu, na mzaha ukasambaa uliomhusisha kiongozi wa nchi, Erich Honecker, na jina la kahawa maarufu ya Magharibi. Katika miaka hiyo kiasi cha moja ya tano, hata moja ya nne, ya kahawa yote iliyonywewa nchini ilitoka kwenye vifurushi vya ndugu. Serikali ilikimbilia Afrika. Juni 1977 Werner Lamberz, mmoja wa wakubwa wa chama, alikwenda Addis Ababa na kukubaliana na kiongozi wa Ethiopia, Mengistu Haile Mariam: silaha na mitambo ziende Ethiopia, kahawa ije Ujerumani. Hivyo kikombe kilichosindikiza kipande cha Stollen katika Krismasi ya mwaka huo huenda kilitoka nyanda za juu za Ethiopia, na kililipiwa kwa bunduki.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, katikati ya msimu wa kuoka. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai, sarafu ya Magharibi ilianza kutumika Mashariki na zabibu zikajaa madukani kwa siku moja. Watu wengi wa Mashariki walizinunua kwa wingi wa kuchekesha. Vifurushi vilipungua, kisha vikakoma, kwa pande zote mbili. Ndugu waliokuwa wakiandikiana kila kiangazi juu ya lozi waligundua kwamba hawakuwa na jingine kubwa la kuandikiana, na baadhi yao hawakuonana tena hadi mazishini. Wengine waliendelea kutuma Stollen kwa mazoea, sasa ukiwa umenunuliwa.

Waokaji wa Dresden walianzisha chama chao cha kulinda jina mwaka 1991, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaliweka jina hilo chini ya ulinzi wa sheria. Anayetaka kuuza mkate kwa jina la Dresden lazima auoke mjini humo au maeneo jirani, na kwa kila kilo 100 za unga aweke siagi isiyopungua kilo 50, zabibu kilo 65, maganda ya sitroni na machungwa kilo 20, na lozi kilo 15. Majarini haikubaliwi. Wakaguzi huonja mikate kabla ya kuipa muhuri wa dhahabu. Mikate mingi iliyouzwa Dresden katika miaka 40 ya Ujerumani Mashariki, ile ya karoti na nyanya za kijani, isingefika hata kwenye meza yao.