Habari za Gari na Habari za Nyumbani

Wanaoandika historia ya yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ambayo sisi tuliyaita Safari tu, hutupa majina ya washindi, aina za magari na idadi ya waliofika mwisho. Ni kazi nzuri, nami nitaziazima baadhi ya tarakimu zao. Lakini sehemu moja ya historia hiyo haimo katika vitabu vyao, nayo ni soga. Kwa kila dereva mmoja aliyeshika usukani walikuwapo mamia ya watu kando ya barabara, kwenye vijiwe vya kahawa, gerejini na katika vyumba vya walimu, wakizungumza juu ya magari ambayo hawakuwa nayo na ambayo wengi wao wasingeyapata maishani. Nilikuwa mmoja wao tangu ujana, na nadhani ninaweza kueleza tulikuwa tukizungumza nini hasa.

Safari ya kwanza ilifanyika mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawekwa wakati wa Pasaka, ambao, kama ajuavyo mkulima yeyote, ni wakati wa masika. Waliopanga tarehe hiyo ama hawakuijua mvua yetu, ama waliijua vizuri mno. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, na tena yakamaliza 7. Tope la udongo mweusi halikujali cheo cha dereva wala bei ya gari.

Jambo lililotuvuta, hata hivyo, halikuwa tope. Magari yale yalikuwa ya aina zilezile tulizoziona kila siku. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, iliyoshinda mwaka 1954, ndiyo aliyopanda padri. Peugeot 404, au Pijo kama ilivyoitwa na kila mtu, ndiyo aliyopanda tabibu. Mtu asiyekuwa na kitu aliweza kuiangalia Pijo ya tabibu ikipita sokoni akasema, ndiyo hii. Mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na dereva mwingine. Kwa mafundi wa gereji za vichochoroni ile ilikuwa habari njema kupita kiasi: gari kuukuu, lililotunzwa na mtu anayejua spana, limeyashinda mapya! Joginder mwenyewe alikuwa fundi, mzaliwa wa Kericho. Kisha mwaka 1966 na tena 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskochi, lakini alikaa Dar es Salaam, na hilo lilitutosha kumwita wetu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita wakati wa ushindi ule wa kwanza, na nakumbuka watu wazima wakipongezana kama waliooza binti.

Nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1972 nilipangiwa shule ya msingi kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro, karibu na njia panda ya Himo, pale barabara ya Taveta inapoachana na ile iendayo Same. Palikuwa na gereji chini ya mwembe. Nasema gereji kwa heshima tu. Palikuwa na shimo, jeki mbili, pipa la oili chafu na benchi. Benchi hilo ndilo lililokuwa chuo changu cha pili. Waliolikalia jioni walikuwa Fundi mwenyewe, karani wa chama cha ushirika tuliyemwita Bwana Ushirika, dereva wa lori la kahawa, mwalimu mwenzangu aliyependa kutengeneza redio, tabibu wa zahanati, nami. Siku za Jumamosi, soko la Taveta likishaisha, alivuka mpaka rafiki yetu mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Kenya. Sote kwa jumla tulikuwa na gari moja, ile Pijo ya tabibu, nayo ilikuwa imekwisha kupita mikono mitatu.

Mazungumzo yalianza namna moja kila siku. Mtu alifika, akaulizwa habari za kazi, kisha akauliza yeye, "Pijo inasemaje leo?" Fundi alijibu kwamba inakula oili, au klachi inateleza, au shokamzoba ya nyuma imekufa. Hapo kila mmoja alitoa maoni yake. Tulibishana juu ya injini ya 404, iliyolazwa upande badala ya kusimama wima, kama kulala huko kunaisaidia au kunaidhuru. Tulisifu lile tundu la mbele la kuingizia hendeli, ambalo liliwaokoa wengi wasiokuwa na betri. Dereva wa lori, ambaye alifuga njiwa na aliwapenda kuliko alivyolipenda lori lake, alikuwa na hoja kwamba gari na njiwa ni kitu kimoja: ukikibana mno, kitakukimbia.

Msomaji asidhani kwamba tuliishia hapo. Wanaume wa kwetu hawakulelewa kukaa wakaelezana mambo ya ndani ya nyumba. Mtu hasemi mbele ya wenzake kwamba amegombana na mkewe, wala kwamba ada ya mtoto imemshinda. Lakini tulikuwa na lugha ya gari, na lugha hiyo ilibeba mizigo yote hiyo. Nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa wahusika hawapo tena na hakuna atakayeaibika. Bwana Ushirika alikuwa msiri kuliko sisi sote. Jioni moja alimwuliza Fundi kama injini iliyokwisha kunoki mara moja inaweza kuaminiwa tena. Fundi alikuwa ndani ya shimo, mikono imejaa grisi. Alitoka, akamtazama yeye, hakuitazama gari, akajibu kwamba inategemea nani ataiendesha baada ya matengenezo, na kwamba maili za mwanzo sharti ziendwe polepole, bila kuilazimisha mlima. Bwana Ushirika akashukuru. Sote tulijua kwamba mkewe alikuwa amerudi wiki ile kutoka kwa wazazi wake. Hakuna aliyesema neno. Tuliendelea na habari za plagi.

Wake zetu walituona wavivu. Wangu aliniambia mara nyingi kwamba ninajua umri wa giaboksi ya watu na sijui saizi ya viatu vya wanangu. Mke wa Fundi, ambaye aliuza ndizi za kuchoma pale pale na kusikia kila kitu, alituzidi akili. Alikuwa amepata kusikia kwamba mwaka 1961 mwanamke wa Kiingereza, Anne Hall, alimaliza Safari akiwa wa tatu. Kila tulipoanza kutaja mabingwa alituuliza, "Na yule mama je?" Nasi tulijikohoza.

Kazini mwangu soga zile hazikupotea bure. Mwendo wa wastani niliufundisha kwa magari ya Safari, na jiografia ya nchi tatu vilevile. Mtoto aliyeshindwa kabisa na treni za kwenye kitabu, zinazotoka miji asiyoijua, alikokotoa bila shida saa ambayo Datsun ingefika Korogwe.

Yule rafiki wa Taveta alikuwa na burudani yake. Aliweka daftari. Kila Pasaka aliandika namba za magari aliyoyaona au kuyasikia redioni, saa, hali ya barabara na nani ameharibikiwa wapi. Lakini karatasi ilikuwa ghali, na yeye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi, kwa hiyo katika kurasa zizo hizo aliandika mambo ya nyumbani kwake: magunia ya mahindi, surua ya mtoto, deni la bati. Mwaka 1973 aliandika kwa wino mwekundu ushindi wa kwanza wa Shekhar Mehta, aliyelingana alama na Harry Källström hata ikabidi watafutiwe kanuni ya kuwatenganisha. Mehta alizaliwa Uganda, na jamii yake ilikuwa imefukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia. Tulikaa juu ya jambo hilo jioni nzima. Tabibu alisema mtu aliyenyang'anywa nyumba haogopi kona. Fundi alikataa, alisema mtu wa namna hiyo ndiye anayeogopa kuliko wote, na ndiyo maana anafika.

Tangu 1974 Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake, na jina la Afrika Mashariki likaondolewa. Tulisikitika, lakini redio zilikuwapo, na mwalimu mwenzangu aliweza kuinasa Sauti ya Kenya kwa kipande cha waya kilichofungwa mwembeni. Tulidhani hilo ndilo litakalokuwa pigo kubwa. Jumamosi moja, mwanzoni mwa mwaka 1977, rafiki wa Taveta aliichukua kabureta ya Pijo akaibadilishie vipuri, akaahidi kuirudisha wiki inayofuata. Februari hiyo Jumuiya ilikuwa ikivunjika, na serikali yetu ikafunga mpaka na Kenya. Yeye akabaki kwao na kabureta, na sisi tukabaki kwetu na Pijo isiyowaka. Kutoka kwetu hadi Taveta si mwendo wa saa moja kwa gari.

Naomba msomaji asiye wa zama zile aelewe maana yake. Pijo ile ilikuwa gari la wagonjwa la watu wa pale bila kuandikwa popote. Usiku mama mjamzito akizidiwa, aliamshwa tabibu. Kwa miezi mitano gari lilikaa juu ya mawe, na wanawake wawili walipelekwa hospitali juu ya magunia ya kahawa, katika lori. Wote walijifungua salama, na mmoja wa watoto hao nilikuja kumfundisha kuandika. Mwishowe Fundi alifungia kabureta ya Datsun, kwa kipande cha bati alichokikata mwenyewe kwa msumeno. Ilivuta petroli kama ngamia, lakini iliwaka.

Miaka iliyofuata haikuwa ya magari. Ilikuja vita ya Kagera, kisha uhaba wa kila kitu, tairi, sabuni, unga. Kwa ajili ya kubana mafuta tulikatazwa kuendesha magari Jumapili baada ya saa nane mchana, na ajabu ni kwamba Jumapili jioni ndipo soga zilipokolea kuliko wakati mwingine wote. Gari limesimama, wenyewe tumelizunguka, kata ya mbege inapita mkono kwa mkono, na kwenye redio Mehta anashinda: 1979, 1980, 1981, 1982. Fundi hakuusikia ushindi wa mwisho. Alifariki kabla ya Krismasi ya 1981, kwa ugonjwa wa kifua. Barua kwa Taveta tuliandika, lakini haikupata jibu, na sijui mpaka leo iliishia wapi.

Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Yule rafiki alikuja Jumamosi, kama zamani, na mfuko mkononi. Ndani yake ilikuwamo kabureta, imefungwa katika gazeti na kupakwa grisi isishike kutu, miaka sita na zaidi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Pijo iko wapi?" Nikamwonyesha. Akafunua boneti, akaitazama ile kabureta ya Datsun na kipande cha bati, akatabasamu, akasema, "Hii ni kazi ya mkono wake. Yuko wapi mwenyewe?" Hakuwa amepata habari. Alikaa benchini, akauliza kwanza spana zimebaki kwa nani. Nikamwambia kwa mwanawe wa pili. Akauliza kama kijana anajua kufunga klachi. Nikamwambia anajifunza. Ndipo akauliza aliugua nini, na kama aliumia sana, na mama watoto anaishije.

Nimewasikia vijana wakisema kwamba wanaume wa zamani hawakuwa na huruma, maana walijua kuzungumzia vyuma tu. Wangemwona mzee yule akiuliza juu ya klachi siku ile, nadhani wangenyamaza kidogo.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa 2021, na 2024 ikarejea wakati wake wa Pasaka. Wajukuu wangu huitazama kwenye simu. Wanabishana juu ya Toyota kama tulivyobishana sisi juu ya Pijo, nami husikiliza nikiwa upande wa pili wa ukumbi. Mmoja wao, anayefanya kazi benki, huanza daima na tairi na kuishia kwenye kodi ya nyumba.

Daftari la Taveta ninalo mimi. Mwenyewe aliniachia kabla hajafa. Kurasa za miaka ile ya kufungiwa zimejaa mwandiko mdogo, maana karatasi ilizidi kupanda bei. Ukurasa wa Pasaka ya 1980 una Mehta, una mvua, una bei ya sukari. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, ameandika harusi ya binti yake wa kwanza: ng'ombe mmoja, mchele kilo tisini, viti vya kuazima. Kisha orodha ya waliohudhuria, kijiji kwa kijiji, na mwisho wa orodha maneno mawili: Himo hawakuja.