Misitu ya Nyanza: Mvua, Shoka na Muda

Kisiwa cha Rusinga leo ni vilima vya nyasi kavu na vichaka. Miaka milioni 18 hivi iliyopita, wakati Ziwa Viktoria lenyewe halijakuwapo, palisimama msitu mnene hapo. Mwaka 2014 watafiti walieleza alama za visiki na mizizi walizozikuta katika tabaka moja na mabaki ya Proconsul, yule mnyama wa kale wa jamii ya sokwe ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata kisiwani humo mwaka 1948. Majivu ya volkano ya Kisingiri ndiyo yaliyozihifadhi.

Panda sasa hadi kwenye udongo wa makumi ya maelfu ya miaka tu iliyopita. Msitu haupo. Mifupa inayotoka hapo ni ya Rusingoryx, jamaa wa nyumbu, aliyeishi kwenye mbuga za nyasi. Hakuna mkulima aliyeufyeka msitu ule; mvua ndiyo iliyoamua.

Na mvua iliamua kwa ukali zaidi baadaye. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, ziwa lote lilikauka. Robert Kendall, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969, alichambua chavua iliyotuama kwenye matope ya Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda, akayasoma yaliyofuata: nyasi kwanza, kisha miti ya msitu kuanzia miaka 12,000 hivi iliyopita, mara ikirudi nyuma, mara ikisonga mbele, hadi msitu wa majani mabichi mwaka mzima ukastawi. Baadaye ikachukua nafasi miti inayostahimili kiangazi. Halafu, miaka 3,000 hivi iliyopita, chavua ya msitu inaanza kupungua.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Wengi hukimbilia kuwataja wafua chuma. Urewe, jina ambalo wanaakiolojia hulitumia kwa vyungu vya kale vinavyopatikana hadi Kagera na Rwanda, ni mahali Siaya, na waliotengeneza vyungu hivyo walijua kuyeyusha chuma. Tanuri hula makaa, makaa hula miti. Lakini katika ufuo wetu wa ziwa, upande wa Kenya, watu hao wanaonekana karne za mwanzo baada ya Kristo, msitu ukiwa umeshaanza kupungua. Naona si haki kuwabebesha mzigo wote. Ukame ulitangulia, shoka na moto vikazuia miti isirudi ilikokuwa ikirudi zamani kila mvua zilipokuwa nzuri.

Kongo nako wanabishana vilevile. Mwaka 2012 Germain Bayon na wenzake walidai kwamba matope yaliyomwagwa baharini na Mto Kongo yanaonyesha mkono wa wakulima miaka 3,000 hivi iliyopita. Wengine wakawapinga haraka, wakisema mabadiliko ya mvua yanatosha kueleza jambo hilo.

Kwa zama zetu, hata hivyo, sioni cha kubishania. Msitu wa Kakamega, kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisumu, una ndege, vipepeo na miti ambayo ndugu zao wako Uganda na Kongo. Ni kipande kilichobaki cha msitu uliowahi kuungana na ule wa magharibi. Upepo wa ziwa hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi, na mvua kubwa hushuka alasiri, jumla yake ikikaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo haiishii kwenye mpaka wa msitu. Hunyesha vilevile kwenye mahindi na miwa iliyo hatua chache nje yake. Msitu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, wakati wasaka dhahabu wakiwa wameshamiminika Kakamega, na tangu hapo ukingo wake umechorwa na ofisi, msumeno na njaa ya ardhi.

Tabianchi ilichukua maelfu ya miaka kuufukuza msitu, na kila mara iliacha mahali penye unyevu ambapo mbegu zilijificha. Sisi tunakata kwa miongo, na Kakamega ndiyo maficho yenyewe. Mto Yala unaopita msituni humo unaishia Ziwa Viktoria, hivyo watu wa Siaya na Kisumu wanaguswa na kila mti unaoangushwa juu huko. Serikali za kaunti za msituni na za ziwani ziketi pamoja na kuulinda msitu huu kama mali moja.