Ufunguo wa Mkabidhi: Historia ya Wiki Zinazoingiwa kwa Saraka

Wiki ya kwanza, WikiWikiWeb, iliwekwa mtandaoni na Ward Cunningham huko Marekani tarehe 25 Machi 1995. Kila aliyeifungua aliweza kuhariri ukurasa papo hapo, bila akaunti wala nywila. Ngazi za mamlaka zilikuja wiki zilipokua na kuvuta wavurugaji. Wikipedia ilianza Januari 2001, na mwaka uliofuata ikahamia kwenye programu mpya iliyoanzishwa na Magnus Manske na baadaye kuandikwa upya na Lee Daniel Crocker. Programu hiyo ilipewa jina la MediaWiki mwaka 2003, mwaka uleule Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza. Baada ya muda ikawa na makundi yanayojulikana hadi leo: watumiaji wa kawaida, wakabidhi, wanaofuta kurasa na kuwazuia waharibifu, na warasimu, wanaompa mtu cheo au kumvua.

Saraka ya watumiaji ina asili nyingine kabisa. Mwaka 1988 mashirika ya viwango ya kimataifa yalitoa X.500, mpango wa kitabu kimoja cha dunia nzima chenye majina ya watu na taasisi. Ulikuwa mpango mzito mno kwa kompyuta ndogo za wakati ule. Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Steve Kille na Wengyik Yeong, walitunga itifaki nyepesi ya kuusoma, LDAP, iliyochapishwa Julai 1993. Toleo la tatu lilifuata mwaka 1997, na mwaka 2000 Microsoft ikatoa Active Directory pamoja na Windows 2000. Tangu hapo ofisi nyingi zikazoea jina moja na nywila moja kwa kompyuta, barua pepe na printa. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake hufungwa mara moja tu, mahali pamoja. Faida hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyofanya wasimamizi wa mitandao watake kila programu mpya ifuate saraka, wiki ikiwemo.

MediaWiki yenyewe haikujua kuzungumza na saraka. Kazi hiyo ilifanywa na programu za nyongeza, na iliyoenea zaidi katika miaka ya mwanzo ilikuwa ile ya Ryan Lane. Hapo ndipo tatizo la kupoteza ukabidhi lilipozaliwa. Anayesimika MediaWiki hutakiwa kutaja jina la mkabidhi wa kwanza. Kwa muda mrefu jina lililozoeleka lilikuwa WikiSysop. Siku saraka inapounganishwa, kwa kawaida kila nywila inayoandikwa kwenye fomu hupelekwa huko ikahakikiwe. WikiSysop hayumo katika saraka ya ofisi, kwa hiyo hukataliwa. Wafanyakazi huingia bila shida, lakini wote ni watumiaji wa kawaida, na hakuna aliyebaki ndani mwenye uwezo wa kumpandisha mwenzake.

Kiini cha jambo ni kwamba kwa kawaida saraka hujibu swali moja tu: huyu anayebisha hodi ndiye kweli? Swali la pili, anaruhusiwa kufanya nini, hubaki kwa wiki. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, MediaWiki huandika jibu lake katika jedwali la hifadhidata liitwalo user_groups. Cheo kwa hiyo hakijapotea; kipo kwenye akaunti isiyoweza kuingia. Dawa nayo imo humohumo, kwani anayeimiliki seva anaweza kuliandika jedwali hilo bila kupitia fomu.

Njia iliyokubalika ni hii. Mtu anayekusudiwa huingia kwanza kwa akaunti yake ya saraka, ili wiki imwandikie safu yake. Kisha mwenye seva hutumia skripti ya createAndPromote, akitaja jina la mtu huyo, vyeo vya sysop (mkabidhi) na bureaucrat (mrasimu), na neno --force linaloiambia skripti kwamba akaunti tayari ipo. Makosa mengi hutokea kwenye jina. MediaWiki hukuza herufi ya kwanza na kutofautisha herufi kubwa na ndogo katika zinazofuata, ilhali saraka kwa kawaida haijali tofauti hiyo. Anayeandika J.Mushi wakati hifadhidata ina J.mushi, akitaja na nywila, huishia kuunda akaunti mpya yenye cheo, na mwenye kustahili hubaki pale pale. Ndiyo maana ni busara kulisoma jina ndani ya hifadhidata kabla ya kuandika amri.

Kosa la pili huonekana kesho yake. Baadhi ya wiki huchukua makundi pia kutoka kwenye saraka, na kila mtu anapoingia vyeo vyake hulinganishwa upya. Cheo kilichotolewa kwa skripti huweza kufutwa hapo hapo. Katika wiki za namna hiyo, mtu hana budi kuingizwa kwenye kundi linalohusika katika saraka yenyewe.

Mwaka 2016 toleo la 1.27 lilileta AuthManager, mfumo unaoruhusu njia kadhaa za uhakiki kwa pamoja. Nywila za ndani zinaweza humo kubaki kando ya saraka, ingawa nyongeza ya PluggableAuth huzizima mpaka msimamizi aziwashe kwenye mipangilio. Kuacha akaunti moja ya ndani, yenye nywila ndefu iliyotunzwa vizuri, ni uamuzi ambao ofisi nyingi zingepaswa kuufanya siku ya kuunganisha saraka.

Wiki nyingine zilifuata njia zao. DokuWiki, iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, haina hifadhidata. Jina la msimamizi mkuu limo katika faili ya conf/local.php, na kulibadilisha kwa mkono kunatosha. Confluence, wasimamizi wakikosa kuingia, huwashwa kwa nywila ya dharura iliyoandikwa katika mipangilio ya kuanzia, kisha mtu huingia kwa jina la recovery_admin na kurekebisha vyeo. Akimaliza, hutakiwa kuifuta nywila hiyo na kuiwasha programu upya, kwa kuwa yeyote anayeijua ana mamlaka yote juu ya wiki hiyo.