Utulivu Uliopitia Burma: Miaka 20 ya Kituo cha Kibudha Garuga

Mwaka 2025 Kituo cha Kibudha cha Uganda kilitimiza miaka 20. Kiko Bulega, Garuga, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Entebbe. Kwa mkazi wa Tororo au Busia hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200: unapita Iganga na Jinja, unaingia Kampala, kisha unashika barabara ya Entebbe. Ndiyo maana wengi wetu wa mpakani tumezichukulia habari za watawa walionyoa vichwa kuwa mambo ya Kampala, au ya Asia kabisa.

Historia haikubaliani nasi. Watu wa mpaka huu walikutana na Ubudha miaka sitini kabla ya kituo hicho kuanzishwa, tena walikutana nao wakiwa na bunduki begani.

Keya wa Bukedi na Kavirondo

Mwaka 1942 Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, kukilinda kisiwa hicho dhidi ya Wajapani. Mwaka uliofuata ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa askari wake wa King's African Rifles, ambao vijijini tuliwaita keya, walikuwemo vijana wa Bukedi upande wa Uganda na wa Kavirondo upande wa Kenya: Wasamia, Wateso, Wapadhola na Waluhya. Wengi walikuwa ndugu wa ukoo mmoja ambao mstari wa wakoloni ulikuwa umewagawa, wengine ng'ambo hii ya Mto Sio, wengine ng'ambo ile.

Wako ambao hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliofika walikaa Ceylon miezi mingi, katikati ya watu ambao wengi wao ni Wabudha. Huko ni jambo la kawaida mtawa kupita na bakuli lake asubuhi na mama wa nyumba kumtilia wali. Kisha wakapelekwa vitani. Kuanzia Agosti 1944, mvua za monsuni zikinyesha usiku na mchana, divisheni ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma, nchi tunayoiita leo Myanmar, bonde lililoogopwa kwa malaria kuliko kwa risasi. Mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Njia nzima hiyo ni nchi ya pagoda na nyumba za watawa.

Walirudi nyumbani na medali na malipo ya kuwaaga. Shuleni tulifundishwa tarehe za vita vyao. Kuhusu watu waliokaa nao na dini waliyoiona, hatukufundishwa neno. Huu ni uzembe wetu, na nitaugusia tena mwishoni.

Kuna jambo moja ambalo keya hao wasingeweza kulijua. Walipokuwa wakiuvuka Mto Chindwin, ndani ya Burma hiyohiyo alikuwepo kijana ambaye hajatimiza miaka 18, ameshaingia utawa akiwa mwanafunzi. Alizaliwa mwaka 1927 na baadaye dunia ilimjua kwa jina la Sayadaw U Silananda. Huyo ndiye aliyekuja kumvisha joho mtawa wa kwanza wa Uganda.

Reli ilileta wengi, Wabudha wachache

Reli ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia Kampala mwaka 1931. Ilileta makarani, mafundi na wafanyabiashara wa Kihindu, Kiislamu na Kisingasinga. Wabudha waliokuja Afrika Mashariki walikuwa wachache, hasa Wasinhala wa Ceylon, na wengi walitua Dar es Salaam. Katika miaka ya 1920 walijenga hekalu Upanga na kupanda mti wa bodhi, wa jamii ileile ya mti ambao Buddha alikaa chini yake. Hekalu hilo lipo hadi leo na linafundisha taamuli. Lakini kwa miongo mingi lilikuwa nyumba ya wageni waliojitunzia dini yao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, mlango wa upande wetu ukafungwa karibu kabisa.

Kijana aliyerudi bila shahada

Sehemu kubwa ya yanayofuata inatoka katika kitabu cha mtawa mwenyewe, *Planting Dhamma Seeds*, na katika mahojiano aliyotoa kwa miaka mingi.

Steven Kaboggoza alizaliwa mwaka 1966 katika familia ya Kikatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma biashara. Huko akafanya urafiki na watawa wawili vijana kutoka Thailand waliokuwa wakisoma chuo kimoja naye, akaanza kukaa nao katika taamuli. Masomo ya biashara yakarudi nyuma. Akazunguka Asia, akaishi Thailand, hata akawa mwalimu wa kupiga mbizi baharini.

Mwaka 1997 alirudi Uganda. Miaka saba ilikuwa imepita. Familia ilingoja mhitimu mwenye shahada, ikampokea kijana mwenye vifaa vya kupigia mbizi na mzigo wa vitabu vya Kibudha. Kila mzazi wa Tororo au Busia aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome anaweza kuyapima maumivu ya siku ile. Kaboggoza alikuwa na jambo la kuwapa, ila hakuwa na mtu wa kulishiriki pamoja naye. Akasafiri tena, safari hii Marekani, akafanya taamuli katika vituo vya huko. Mwaka 2002, San Jose, California, U Silananda akamvisha joho la utawa na kumpa jina jipya: Buddharakkhita.

Bakuli lililotiliwa shaka

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Mtawa wa Theravada, madhehebu ya Kibudha ya Ceylon na Burma, kwa kanuni zake hapiki, hahifadhi chakula, na hali chakula baada ya saa sita mchana. Anachokula kila siku ni kile ambacho mtu amekiweka mikononi mwake. Kanuni hiyo iliwekwa ili mtawa asiwakimbie watu: akijitenga na majirani, atalala njaa. Ceylon utaratibu huo una zaidi ya miaka elfu mbili. Uganda haukuwepo.

Basi Buddharakkhita aliporudi Uganda na kutokea barabarani kichwa kikiwa kimenyolewa, joho la rangi ya udongo mwilini, bakuli kubwa la mviringo likining'inia begani, kila mtu alimsoma kwa kitabu chake. Wako waliomdhania Mmasai. Wako waliomwona mganga wa kienyeji, na vijana waliolelewa na filamu za video walimwona bingwa wa kung-fu. Wengine walisema tu ni mwendawazimu. Bakuli lilidhaniwa ngoma, na palipokuwa na ukaguzi wa usalama lilihofiwa kuwa bomu.

Tusiwacheke watu hao. Uganda imeona manabii wengi. Wazazi wetu walimjua Alice Lakwena, ambaye mwaka 1987 alipita Tororo na jeshi lake akielekea Jinja, akiwaahidi vijana kwamba mafuta aliyowapaka yangezuia risasi. Wengi wa vijana hao walikufa. Tena mwaka 2000 huko Kanungu mamia ya waumini wa dhehebu moja waliangamia. Mtu wa Tororo anayemtazama mgeni mwenye joho kwa jicho la pembeni ana sababu ya kufanya hivyo, na ni sababu nzito.

Jibu la Buddharakkhita, na ndilo linalomtofautisha, halikuwa mahubiri. Kituo kilipoanza mwaka 2005, miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoonekana na kijiji ilikuwa kuchimba kisima cha pampu. Watu wa Bulega waliokuwa wakichota maji yasiyo salama wakapata maji safi. Hakuna aliyeulizwa dini yake kwenye foleni ya madumu.

Ushindi mkubwa zaidi ulitokea nyumbani. Mama mzazi wa mtawa, mwanamke wa Kikatoliki, alikaa na mwanawe, akasikiliza, na mwishowe naye akanyoa nywele akawa mtawa. Ndugu wengine wakamfuata katika mafunzo. Hivyo chakula cha mtawa, ambacho mwanzoni hakikuwa na wa kukitoa, kikapata jiko la kutoka. Ninaona hapo ndipo Ubudha wa Uganda ulipozaliwa hasa: siku ilipopatikana familia ya kumlisha mtawa.

Wanachokifanya

Mafunzo yenyewe hayana siri. Mtu huketi mgongo ukiwa wima, akaifuata pumzi. Katika njia aliyoifundisha Silananda, mtu anaweza kufuatilia tumbo linavyopanda na kushuka. Akili ikitoroka kwenda kwenye deni au ugomvi, anatambua kwamba imetoroka, anairudisha bila kujilaumu. Baada ya kukaa huja kutembea polepole, kila hatua ikifuatwa: kuinua mguu, kuupeleka, kuukanyaga. Kuna pia taamuli ya upendo, ambamo mtu hujitakia heri, akamtakia ampendaye, kisha jirani, na mwisho yule asiyepatana naye.

Pamoja na hayo kuna ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Hiyo ya tano itatutia kazi sisi. Lakini kanuni ya kukaa pamoja tunaijua tangu zamani. Wazee wa Kiteso na wa Kipadhola wanaozunguka chungu cha pombe ya ajono, kila mmoja na mrija wake, wanajua kwamba mtu hatulii akiwa peke yake; anatulizwa na duara alilomo. Bulega duara hilo lipo, chungu ndicho hakipo.

Baada ya hapo habari ni za ujenzi. Hekalu limesimama, shule imefunguliwa, vijana wa Kiganda wamepata utawa na baadhi wamepelekwa Asia kusoma. Wesaki, sikukuu ya kuzaliwa, kuelimika na kufariki kwa Buddha, huadhimishwa huko kila mwaka.

Deni letu

Kama kuna mji unaohitaji somo la kutulia, ni mji wa mpakani. Mei 2020 madereva wa malori walikaa siku nyingi barabarani Malaba na Busia wakingoja majibu ya vipimo vya korona, foleni ikienda kilomita kwa kilomita. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimepunguza muda wa kugonga mihuri, lakini hakikuundwa kumpunguzia mtu hofu ya mzigo kuoza au ya mkopo kukomaa. Mwanamke anayevuka na samaki na nafaka kila siku, na kijana wa boda boda, hawana mahali pa kuupumzisha moyo isipokuwa kanisani, msikitini au kilabuni. Taamuli haimtaki mtu aache kanisa wala msikiti. Inamtaka atenge nusu saa na wenzake.

Mpaka wetu una haki ya kulisema hili kwa sauti. Watu wetu walizikwa katika ardhi ya Burma, na mwalimu aliyemvisha joho Mganda wa kwanza alikuwa mtoto wa ardhi hiyohiyo. Kwa hiyo Kaunti ya Busia ya Kenya, na Wilaya ya Busia na Wilaya ya Tororo za Uganda, zikae pamoja na kuandika orodha moja ya keya waliokwenda Ceylon na Burma, bila kujali mstari wa Mto Sio. Keya wenyewe karibu wote wametutoka, lakini watoto wao wapo, na wamezeeka. Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna medali, barua au picha ya babu aliyepigana kule, waite watoto uwaeleze inatoka wapi, kisha uipelekee shule ya karibu nakala yake. Fanya hivyo mwaka huu, kabla hajaondoka wa mwisho anayekumbuka.