Kupokewa: Hoja Kuhusu Usalama wa Mgeni Jijini Nairobi

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alitia nanga Mogadishu akaona jambo ambalo wasomaji wake wengi hulipita haraka. Kabla mfanyabiashara hajashuka chomboni, vijana wa mji walimfuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na aliyemkabidhi sahani akatangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, akauza na kununua kupitia kwake. Aliyemlalia bei, au aliyemuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Aliyeachiwa alale apendapo ni yule tu aliyekwisha kuuzoea mji na watu wake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi wa sheria na si mchuuzi, alipelekwa kwa kadhi.

Desturi hiyo husomwa kama ukarimu wa pwani, na ukarimu ulikuwamo. Lakini ilikuwa pia utaratibu wa usalama, tena wa makini: mgeni hakuwahi kuwa mtu asiye na mwenyewe, hata kwa muda wa kutoka chomboni hadi nchi kavu.

Makala haya yanadai kwamba hatari kubwa ya mgeni katika jiji lenye uhalifu mwingi haiko hasa mahali. Iko katika kipindi, yaani muda ule anapokuwa ametoka mikononi mwa watu wanaomjua na hajafika mikononi mwa wengine. Jiji linalotazamwa ni Nairobi, ambalo wageni walilitungia jina la dhihaka kwa kulichanganya na neno la Kiingereza la unyang'anyi.

Kwanza iulizwe mgeni ni nani. Ushauri mwingi wa usalama uliochapishwa kuhusu Nairobi umeandikiwa mtalii au mfanyakazi wa shirika la kimataifa: alale Gigiri au Karen, achukuliwe na gari la hoteli, asitembee usiku. Ni ushauri mzuri kwa mwenye uwezo. Lakini jiji hili, lililohesabiwa watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, hupokea kila siku wageni wa namna nyingine kabisa: mgonjwa kutoka Kitui mwenye miadi katika Hospitali ya Kenyatta, mama wa Arusha anayefuata vitambaa Eastleigh, kijana wa Busia aliyeitwa kwenye usaili. Kumwambia mama wa Arusha alale Karen ni kumwambia asije.

Kosa la pili la ushauri huo ni kuliona jiji kama chungu kimoja kinachochemka sawasawa. Mfano ulio wazi zaidi uko Cape Town. Katika mwaka wa takwimu wa 2017/18 kituo kimoja cha polisi, Nyanga, kiliandikisha mauaji 308, ilhali mtalii anayekula samaki kando ya bandari ya mji huohuo anaweza kuondoka bila kusikia hata king'ora. Wastani wa jiji haumwambii mgeni lolote kuhusu saa yake moja barabarani. Na waliouawa Nyanga wengi wao hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji, na msiba wao unastahili makala yake.

Uhalifu unaompata mgeni una tabia zake. Nairobi kuna simu inayonyakuliwa dirishani matatu ikiwa imekwama kwenye foleni. Kuna ngeta, yaani kukabwa koo kwa mkono kutoka nyuma huku wenzake wakipekua mifuko. Kuna mchele, dawa inayotiwa kinywajini katika baa, na mnywaji huamka kesho yake hana simu wala kumbukumbu. Kuna wanaojifanya askari, wenye pingu na sauti ya amri, wanaompakia mtu garini ili "wakakague" pesa zake. Halafu kuna hila ya kale ya mauzo ya haraka: mnunuzi anaoneshwa kompyuta nzuri kwa bei ya kutupwa, inafungwa mbele yake, na afikapo nyumbani anafungua mfuko na kukuta kipande cha sabuni au viazi.

Njia ni tofauti, ila zote zinamtafuta mtu yuleyule. Mnyakuzi anahitaji mtu ambaye macho yake yanatafuta jina la mtaa. Askari bandia anahitaji mtu asiyejua kituo cha polisi kiko wapi wala wa kumpigia simu. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba uhalifu hutokea pale mhalifu aliye tayari anapokutana na shabaha inayofaa, na mlinzi wa kuzuia hayupo. Neno mlinzi katika nadharia hiyo halina maana ya askari pekee. Jirani ni mlinzi, rafiki unayetembea naye ni mlinzi, na muuza magazeti anayekujua kwa jina ni mlinzi pia.

Jane Jacobs alikuwa ametangulia kusema jambo la karibu na hilo mwaka 1961, aliposifu macho ya wakazi na wenye maduka yanayoilinda njia. Hoja yake inanukuliwa mno, na hapa inahitaji kurekebishwa. Barabara ya River Road jijini Nairobi ina macho maelfu tangu alfajiri hadi usiku. Yanaona. Linalokosekana ni dhamana: mtazamaji hajui huyu anayeporwa ni wa nani, na kuingilia kati kunaweza kumgharimu yeye anayebaki pale baada ya mgeni kwenda zake. Macho humlinda mtu yakiwa na sababu ya kumtambua.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba wezi wa wageni wengi huja kwa sura ya wenyeji hasa. Anayekubebea begi stendi, anayekuelekeza hoteli ya bei rahisi, anayekununulia bia: wote wanajitangaza kuwa wenyeji wako. Pingamizi hilo ni zito, na haliondolewi kwa kusema mgeni awe mwangalifu. Jibu liko katika ile sahani ya Mogadishu. Kijana aliyeitoa alijulikana kwa mji mzima kuwa mwenye mgeni, na mgeni akidhulumiwa palikuwa na mlango wa kubishwa. Mwenyeji wa kweli ana mtu wa kumjibu juu yako. Tabasamu si dhamana, wala lugha moja si dhamana, wala kabila.

Kwa kipimo hicho baadhi ya mageuzi ya Nairobi yanaeleweka vizuri zaidi. Kanuni za matatu za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zinakumbukwa kwa mikanda na vidhibiti mwendo, lakini zilimvalisha pia makanga sare na kumtaka awe na beji. Mtu aliyekuwa sauti tu mlangoni mwa gari akawa mtu anayeweza kutajwa. Teksi za programu ya simu, ambazo Uber ilianza kuzitoa Nairobi mwaka 2015, zilifanya hivyohivyo kwa njia nyingine: jina la dereva na namba ya gari hufika kabla ya gari lenyewe, na ndugu aliye Kitui anaweza kutumiwa taarifa hizo. Si kinga kamili, maana madereva hukodishana akaunti. Hata hivyo kupanda gari ambalo namba yake hailingani na iliyoandikwa kwenye simu ni kuurudisha mkono ule ule uliokuwa umekushika.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilimtoa msafiri kwenye zama za kushonea noti ndani ya gauni. Nayo ikazaa hatari yake, kwa kuwa sasa akiba yote inatembea na simu na mporaji hudai namba ya siri. Wenye uzoefu huingia mjini na kisimu kidogo chenye tochi, kile ambacho Wakenya hukiita mulika mwizi, wakakiachia kazi ya kupiga na kupokea simu njiani, na simu kubwa ikabaki nyumbani au chini kabisa ya begi. Jina hilohilo wamezipa taa ndefu za mitaa ya mabanda. Taa hizo zimesaidia, ingawa hazimwambii mgeni aelekee wapi.

Serikali yenyewe imependelea vifaa na mageti. Mwaka 2014 ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa mfumo wa mawasiliano ya polisi uliokuwa na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kamera husaidia zaidi baada ya tukio, wakati mgeni amekwisha rudi kwao bila begi. Mwaka uliotangulia, baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, ulihimizwa mpango wa Nyumba Kumi, ulioazimwa kutoka Tanzania ambako balozi wa nyumba kumi alitarajiwa kujua kila mgeni aliyelala katika eneo lake. Utaratibu huo ulikuwa na uso wa upelelezi pia, na si haki kuusifu bila kulitaja hilo. Ila kasoro yake kwa hoja hii ni nyingine: unaanzia mlangoni mwa nyumba. Mgeni huibiwa kabla hajaufikia mlango huo.

Historia ya jiji nayo inachangia hatari hiyo ya mgeni. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na serikali ya kikoloni haikukusudia Mwafrika awe na kwake humo. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyoleta kipande, yaani cheti cha lazima cha utambulisho. Sheria ya uzururaji nayo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 1997. Kwa miongo mingi asiyekuwa na mwajiri wa kumjibia alikuwa mshukiwa. Dhana ya dhamana ilikuwapo basi, lakini ilikuwa dhamana ya kumlinda mwenye jiji dhidi ya mgeni. Askari wa kanjo, yaani wa jiji, anayemkimbiza mchuuzi mgeni leo ni mrithi wa mawazo hayo.

Ukitaka kuona jinsi kipindi cha hatari kinavyorefushwa na mipango, tazama Syokimau. Tangu 2017 treni ya kutoka Mombasa inaishia huko, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, na treni ya usiku imekuwa ikifika kabla ya alfajiri. Abiria anashushwa gizani, mbali na ndugu na mbali na mji, akiwa na mizigo.

Wenye mabasi, ambao mara nyingi hulaumiwa kwa mengi, wamejitafutia dawa. Basi la usiku likiingia saa kumi alfajiri, abiria wengi hawashuki kwenda zao. Hukaa kwenye viti vyao au kwenye mabenchi ya ofisi ya kampuni hadi kupambazuke, na asubuhi hutoka kwa makundi. Serikali ya kaunti ingeweza kuanza na kitu kidogo kama hicho katika kila stendi na Syokimau: chumba chenye taa, benchi, choo, na mtumishi mwenye beji ambaye kazi yake ni kubaki na mgeni mpaka mwenyeji wake afike. Kabla hilo halijafanyika, mzigo uko kwa wenyeji. Mwenye mgeni atakayeshuka alfajiri amtumie leo jina na namba ya simu ya atakayempokea, na huyo mpokeaji afike stendi kabla ya basi.